Msimamo wa Baba Mdogo

12 Januari

Kwako Baba Mdogo,

Shikamoo. Nina imani barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama Mdogo, na kwamba goti lake limepunguza maneno. Sisi huku hatujambo. Macho ya Mama yanaendelea vizuri tangu upasuaji. Sasa anasoma mpaka maandishi madogo ya kwenye chupa ya sabuni, na kila anachokisoma lazima anisomee kwa sauti. Amezoea kukaa nami huku ghorofani, ila na lifti bado hawajaelewana. Lifti yetu inasema, inataja namba ya ghorofa, na Mama huijibu "ahsante" kila mara. Jirani wa chini anaamini familia yetu ina adabu kupita kiasi.

Mwenye nyumba ameleta mafundi wa rangi. Wamepaka kuta, wamepaka na swichi za taa, na mmoja alitaka kupaka mlango mimi nikiwa nimeuegemea. Nilichagua rangi ya maziwa. Wao wakaleta ya udongo, wakasema ikikauka itageuka. Imekauka. Haijageuka.

Kazini kunaendelea. Atomi zinapoa vizuri na tumeanza vipimo.

Wasalimie wote.

Mbishi wako


3 Februari

Mwanangu Mbishi,

Marahaba. Barua imefika, nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu nyekundu. Mazoea ya ualimu hayaishi. Mwambie shemeji yangu asione aibu, hata mimi huiambia ahsante mashine ya kunakili ya chuo, tena ikiwa imegoma. Goti la Mama Mdogo wako haliwezi kupunguza maneno wakati mwenyewe hajapunguza.

Sasa habari kubwa. Nastaafu mwezi wa nane, na chuo kinaniandalia mhadhara wa kuaga. Mkuu wa kitivo alipanda ngazi mwenyewe kuja kuniambia, akafika ofisini kwangu akihema kama aliyebeba kabati. Anataka nizungumzie Msimamo, ile nadharia yangu ya ujana. Utangulizi nimeshauandika, hebu nijaribie kwako:

"Ndani ya metali, elektroni husafiri kama watu wanaopita kwenye ukumbi uliosakafiwa vizuri. Sasa ichimbue sakafu hiyo, itie mabonde na matuta ovyo ovyo. Nikiwa kijana nilionyesha kwa hesabu kwamba ubovu wa sakafu ukizidi kiwango fulani, elektroni zote husimama. Hata zisukumane namna gani, hazibanduki. Milele."

Neno hilo la mwisho nitalisema polepole. Wanafunzi wananiita Bwana Simama wakidhani sijui. Siku hiyo watajua kwamba najua.

Lakini wewe umeniandikia rangi ya ukuta nusu ukurasa, na atomi sentensi mbili. Tangu lini? Ulipopata kazi hapo uliniandikia kurasa na kurasa juu ya pampu moja. Mashine yenu imejengwa kupima jambo langu mimi, usinifanye mgeni. Mnaona nini?

Na usinipigie simu. Kwenye simu anayeshinda ni mwenye sauti kubwa, na humu nyumbani mwenye sauti kubwa tayari yupo.

Baba Mdogo wako


1 Machi

Kwako Baba Mdogo,

Shikamoo. Mama anakusalimu sana. Barua hii nimeiandika na kuichana, nikaiandika tena. Basi acha niseme.

Unakumbuka kazi yenyewe ilivyo. Tunachukua atomi za potasiamu, tunazipoza kwa leza mpaka zinakuwa baridi kuliko hata kule kati ya nyota na nyota. Kisha tunakutanisha miale ya leza, na pale inapokutana mwanga unajipanga vishimo vishimo, kama trei ya mayai. Kila atomi inakaa kwenye kishimo chake na kuruka kwenda cha jirani, kama elektroni zifanyavyo ndani ya metali. Tofauti ni kwamba sisi tunaziona kwa kamera, moja moja. Hiyo trei ndiyo metali yetu ya kuigiza. Tunaigiza kwa sababu chembe zikiwa nyingi, hesabu yake inaishinda kompyuta yoyote iliyopo.

Ubovu wa sakafu tunautia kwa mwanga mwingine, wa madoadoa. Halafu tunapanga atomi kwa mistari: safu imejaa, inayofuata tupu, hivyo hivyo. Tunasubiri. Kwa hesabu yako, mistari ilipaswa ibaki ilivyo.

Haibaki, Baba Mdogo. Inafifia. Tumezidisha ubovu kupita kiwango chako, tukazidisha tena. Inafifia polepole zaidi, lakini haiachi kufifia.

Januari sikukwambia kwa sababu nilitaka liwe kosa letu. Nimelitafuta kosa hilo kwenye kila kioo na kila waya, mpaka Fundi Leza, mwenzangu anayetunza miale, akaniuliza kama nimeangusha hereni ndani ya mashine. Sijalipata.

Niandikie upesi.

Mbishi


22 Machi

Mbishi,

Marahaba. Wote wazima.

Trei yako ya mwanga si metali. Atomi si elektroni. Elektroni ina chaji, atomi yako haina. Metali ina uzito, inashika kutu, unaweza kuigonga na nyundo. Yako ukizima swichi inatoweka. Mtoto akicheza udaktari, hatumpelekei wagonjwa.

Tena mwanga wenu una joto. Atomi inameza chembe ya mwanga, inaruka kama imekanyaga kaa la moto, mistari inavurugika. Mnapima joto la taa yenu wenyewe halafu mnaliita ugunduzi! Badilisheni rangi ya leza, iwe mbali kabisa na ile ambayo atomi hupenda kuimeza, ndipo mje kuzungumza nami.

Mhadhara wangu uko palepale.

Baba Mdogo


28 Mei

Kwako Baba Mdogo,

Shikamoo. Nilikuandikia mwezi wa nne, hukujibu. Naandika tena, na nitaendelea kuandika, hata kama barua zangu unazikunja kuwekea meza inayoyumba.

Mama hajambo. Amepata rafiki, yule jirani wa chini, wanapigiana hodi kutwa.

Mama Mdogo alinipigia simu. Alisema huli vizuri, husemi, na mto wako umeuhamishia kwenye kochi la chumba cha vitabu. Akasema, "Mwandikie tu kwamba umekosea wewe. Unapungukiwa na nini?" Nikamwambia hapana. Akakata simu.

Baba alipofariki ni wewe uliyenilea. Ni wewe uliyenifundisha kubishana, mezani, kabla kichwa changu hakijafika juu ya meza. Nakupenda na wewe unajua. Lakini sitaomba msamaha kwa kilichoonekana kwenye kamera. Sikukipanga mimi, na nisingeweza kukipangua.

Kuhusu chaji. Nimefungua makala yako, ile ile ambayo umeiwekea fremu ukutani. Mlinganyo wako una mambo mawili tu: chembe kuruka kutoka kishimo hadi kishimo, na chembe kusukumana. Chaji haimo. Uzito haumo. Nyundo haimo. Atomi zangu zinafanya hayo mawili na hazifanyi lingine. Kwa hiyo siigizi metali, Baba Mdogo. Naigiza karatasi yako. Wewe ndiye uliyeanza kuigiza.

Kuhusu joto la taa, hapo ulikuwa na haki ya kuuliza. Nilimwomba Mkuu wetu wa maabara tubadilishe rangi ya leza. Akasema vipimo vinatosha, makala iende. Ameshaipa na kichwa: "Mwisho wa Msimamo". Nikamwambia jaribio la rangi lisipofanyika, jina langu lisiwekwe, na kwa kichwa hicho lisiwekwe hata jaribio likifanyika. Alicheka. Mimi sikucheka.

Mengine ni ya kawaida. Siku hizi nina nafasi, nampeleka Mama matembezi kila siku.

Mbishi wako, ukitaka usitake


24 Juni

Mbishi,

Marahaba. Sikuwa nimenuna. Nilikuwa na mafua. Yapo mafua yanayokaa.

Barua zote mbili ninazo, na meza yangu haiyumbi. Mama Mdogo wako hakuwa na ruhusa ya kukupigia. Nimemwambia hivyo, naye amenijibu, na jibu lake haliandikiki.

Sasa nisikilize. Shemeji amemsimulia Mama Mdogo kuhusu hayo matembezi. Anasema mnatoka jua likiwa bado linachoma. Mtu wa maabara haonekani barabarani wakati huo, labda kama jengo limeungua. Umefukuzwa? Nijibu kwa neno moja, usinipakie rangi.

Kama umefukuzwa kwa kudai jaribio, basi huyo Mkuu wako ni mtu wa hovyo, na umwambie nimesema mimi. Mimi nakikataa kipimo chenu baada ya kukikodolea macho mpaka yameuma. Yeye anakikubali ili awahi. Tusiwekwe kapu moja.

Bado sikubaliani nawe. Joto la taa. Sijasogea hata unywele. Na ile sentensi yako ya kuigiza karatasi imeniudhi kuliko zote, kwa sababu sijapata jibu lake.

Baba Mdogo


29 Julai

Kwako Baba Mdogo,

Shikamoo. Neno moja: ndiyo.

Maneno mengine: hakunifukuza kabisa, alinitoa kwenye mashine akanipa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, niwafundishe kupima meza kwa rula. Sikukwambia kwa sababu ungeniambia nirudi nyumbani, na mimi sikutaka kurudi, nilitaka mashine yangu.

Makala ilienda bila jina langu. Mhakiki wa jarida akairudisha na swali moja tu: joto la taa mmelipima wapi? Fundi Leza anasema Mkuu alianza kuisoma barua hiyo amesimama, akaimaliza amekaa. Kuifunga leza ya rangi mpya ni kazi ya watu wawili, mimi na Fundi, na Fundi akasema peke yake hagusi. Basi Mkuu akaja darasani, wanafunzi wote na rula zao wakitazama.

"Rudi," akasema.

"Kichwa cha makala kinabadilika," nikasema. "Na aliyelitaka jaribio hili kabla ya mhakiki anatajwa kwa jina lake, kwa heshima."

"Huyo ni mjomba wako?"

"Baba yangu mdogo. Na ndiye aliyeandika mnachotaka kukiua."

Akaangalia rula. Akasema, "Haya."

Baba Mdogo, huyo mhakiki ni wewe?

Sasa matokeo. Leza mpya rangi yake iko mbali hata jicho haliioni. Joto limeshuka mpaka halistahili kutajwa. Kama joto ndilo lililokuwa likifuta mistari, sasa ilipaswa idumu. Fundi aliweka picha za zamani na mpya, moja juu ya nyingine, akazisogeza kwenye kioo cha kompyuta. Zimelingana. Mistari inafifia vilevile. Nilikaa sakafuni katikati ya nyaya. Nilikuwa nimekushinda, na sikujua mikono niiweke wapi.

Mama Mdogo amepiga simu tena. Ananisihi nisikutumie chochote mpaka mhadhara upite, nikuachie siku yako. Nimemkatalia. Ungesimama mbele ya watu ukasema "milele", na mimi najua, nimenyamaza? Hiyo ni heshima ya kumpa mgonjwa. Wewe si mgonjwa. Picha zimo ndani ya bahasha hii. Ukitaka kunipiga, nipige kwa hesabu.

Mbishi


30 Agosti

Mwanangu Mbishi,

Marahaba, marahaba! Salamu kwa shemeji na kwa jirani wake. Kwanza: mhakiki si mimi. Ningekuwa mimi, ningeandika vibaya zaidi.

Picha zako zilifika nikiwa nanyoa ndevu. Mama Mdogo alinikuta mezani, shavu moja safi, la pili povu limekauka. Hakusema kitu, na ujue hapo mambo yalikuwa makubwa. Nikaishusha ile fremu ukutani, nikaitoa makala yangu, nikaisoma kama ya mtu nisiyempenda. Siku ya kwanza sikuona kitu. Siku zilizofuata niliona mengi, na hakuna lililokuwa kosa lenyewe. Halafu nikaliona. Sentensi moja, katikati ya ukurasa, imekaa kwa adabu: "Tuchukulie kwamba ubovu wa sakafu ni ule ule kila mahali." Sikuithibitisha. Niliichukulia tu, na kila aliyesoma baada yangu akaichukulia nami.

Lakini sakafu ikichimbwa ovyo, mwanangu, kwa bahati tu hapa na pale kitatokea kipande kilicho laini. Humo chembe zinachanganyika zitakavyo, na kipande hicho kinamlegeza jirani, naye jirani anamlegeza wa pili. Ni kutu kwenye bati: inaanza na kidoa, miaka ikipita unaona nyota ukiwa kitandani. Ndicho kamera yako ilichokuwa ikikiona. Nilicheka peke yangu mpaka Mama Mdogo akaja kunigusa paji la uso.

Nikamwendea mkuu wa kitivo kumwambia mhadhara umebadilika. Akashika kichwa.

"Mzee, hii ni siku ya kukusifu. Wageni wamealikwa! Zungumza ya zamani, haya mapya utayaandika polepole ukiwa umepumzika."

"Nisifuni kwa haya," nikamwambia.

Akashauri tuahirishe kwa sababu za afya. Nikamwambia sijawahi kuwa na afya kama leo, na mlango ukifungwa nitahutubia kwenye ngazi.

Jana nimehutubu. Ukumbi ulijaa, na Mama Mdogo wako alikaa mbele kabisa, mkoba magotini ameushika kama ngao. Niliandika Msimamo ubaoni, wote, mpaka mstari wa mwisho. Wazee wenzangu wakawa wanaitikia kwa vichwa, kwa heshima. Nikaweka chaki chini nikasema, "Hii si kweli." Kikohozi kilikoma ukumbi mzima. Nikaonyesha picha zako. Nikasema aliyezipiga nimemlea mimi, na kwamba nilimkasirikia, na kwamba alikataa katakata kuniomba radhi. Kisha nikawaonyesha ile sentensi.

Mwenzangu mmoja, tulianza kazi pamoja, akainuka. "Lakini hizo ni taa tu! Metali iko wapi?" Nikamjibu kwa maneno yako ya mwezi wa tano, neno kwa neno, na sikusema ni yako. Uniwie radhi. Alikaa chini nami nikaona raha sana.

Nikamaliza. Mama Mdogo ndiye aliyeanza kupiga makofi, kwa hasira, huku amegeuka nyuma kuangalia nani hapigi. Wakapiga.

Usidhani nimesalimu amri. Ubovu wako ni wa ovyo ovyo. Uondoe huo uovyo. Chukua miale miwili ambayo urefu wa mawimbi yake haulingani wala haugawanyiki mmoja kwa mwingine, uilaze mmoja juu ya mwingine. Sakafu itakuwa mbovu kwa mpangilio, haitajirudia popote, na haitakuwa na bahati ya kuzaa kipande laini. Juu ya sakafu hiyo nasema mistari itasimama. Msimamo haujafa, umehama nyumba tu. Kapime. Nikikosea, niambie kama ulivyoniambia.

Baba Mdogo wako

Mto umerudi chumbani.


17 Novemba

Kwako Baba Mdogo,

Shikamoo. Mama mzima, nami mzima, nyumba nzima. Najua hapa unaruka aya, kwa hiyo nakuja moja kwa moja.

Tulifunga miale miwili ulivyosema. Mkuu alipinga, nikamwekea barua yako mezani, ile sehemu ya hesabu, nikatoka. Akanifuata kwenye korido akiuliza kwa nini nimechelewa kuanza.

Tumepanga mistari, tumesubiri. Tumesubiri kadiri mashine inavyoweza kuzishika atomi kabla hazijatupotea. Tumerudia kwa ubovu mkubwa na mdogo. Chini ya kiwango inafutika, kama unavyotarajia. Juu ya kiwango chako kipya haifutiki. Fundi Leza, ambaye haamini kitu mpaka akiguse, alibandika karatasi kwenye kioo cha kompyuta, akachora mistari ya mwanzo kwa penseli. Tulipofika mwisho wa jaribio, mistari ilikuwa bado iko chini ya penseli yake.

Umepatia, Baba Mdogo. Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja. Makala ya matokeo haya ni yetu sote, nawe uiandike nasi, na atakayeamua jina lipi litangulie ni mimi.

Hongera, Bwana Simama.

Mbishi wako


8 Desemba

Mbishi,

Marahaba. Hongera yako nairudisha kama ilivyokuja.

"Kadiri mashine inavyoweza" ni muda gani huo? Atomi zenu zinawapotea mapema, halafu mnanipongeza! Kilichosimama mbele yenu kwa muda mfupi kinaweza kuwa kinatembea polepole kuliko subira yenu. Sikubali kushinda hivyo. Nilishawahi kushinda hivyo, nikawekewa fremu.

Ofisi yangu chuoni wamempa mtu mwingine, kwa hiyo nimehamia meza ya jikoni. Mama Mdogo amenipa upande mmoja na ameniwekea mpaka kwa kopo la chumvi. Hapo nimeanza hesabu mpya, ya kuivunja hii ya pili. Nimepata ufa. Si mkubwa, bado sijui kama unapenya upande wa pili, lakini unatisha, na nimefurahi kama mjinga. Wenzangu wastaafu wanalima bustani.

Barua sasa zimenichosha, zinakawia. Nimekata tiketi, nafika mwezi ujao. Mama Mdogo anakuja pia, anasema ana maneno yake na huyo Mkuu wenu. Mimi maisha yangu yote nimezihesabu chembe hizi kwenye karatasi, sijaziona hata moja. Usinipokee stesheni, wala nyumbani msihangaike. Nitakuja moja kwa moja maabara na begi mkononi. Mashine iwe inawaka, mistari iwe imepangwa, na wewe uwe tayari kubisha.

Baba Mdogo wako